Waraka Mmoja, Mikono Mingi: Sayansi ya Ofisi Iliyomo Katika "Wingu"

Miaka kadhaa iliyopita, katika idara moja ya chuo nilimokuwa nikifundisha, kulizuka mkanganyiko uliokaribia kumkosesha mwanafunzi shahada yake. Orodha ya alama za mtihani wa mwisho ilikuwa imeandikwa katika jedwali la kompyuta. Mhadhiri mmoja aliituma kwa barua pepe kwa wenzake wanne, ili kila mmoja ajaze alama za somo lake. Kila mmoja alijaza, akaihifadhi kwa jina jipya, kisha akairudisha. Baada ya wiki mbili palikuwa na majedwali tisa yenye majina yanayokaribiana: "alama", "alama mpya", "alama za mwisho", "alama za mwisho kabisa", na mengineyo. Aliyepeleka orodha katika kikao cha mitihani alichukua "alama za mwisho". Alama ya mwanafunzi yule, iliyokuwa imesahihishwa baada ya rufaa, ilikuwamo katika "alama za mwisho kabisa". Jina lake likasomwa miongoni mwa walioshindwa.

Kosa hilo liligunduliwa siku tatu tu kabla ya mahafali. Tulipochunguza, hatukumwona mzembe wala mwenye nia mbaya. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni jibu la swali moja dogo: kati ya nakala zote hizi, ipi ndiyo ya kweli?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sayansi ya kompyuta ilivyolijibu swali hilo kwa kubuni ofisi ambayo nyaraka na barua zake hukaa mahali pamoja, na watu wengi huzishughulikia kwa wakati mmoja wakiwa mbalimbali. Ofisi ya namna hiyo husemwa kuwa iko katika "wingu". Aidha, tutatazama maboresho yaliyofanywa katika miaka ya karibuni, na mambo ambayo mashine haziwezi kutufanyia hata zikiboreshwa vipi.

Kutoka masjala hadi kiambatisho

Wazee wetu waliofanya kazi katika ofisi za zamani walilijua tatizo hili, nao walikuwa na dawa yake. Dawa hiyo ilikuwa masjala. Kila jambo lilikuwa na jalada lake moja. Aliyelihitaji alitia saini katika daftari la karani, tarishi akampelekea, na wengine wakangoja mpaka lirudi. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwa na sifa moja kubwa: jalada halikuweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu lipi ni la kweli.

Barua pepe ilikuja kuuondoa upolepole huo. Mnamo mwaka 1971 mhandisi Raymond Tomlinson, huko Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, naye ndiye aliyechagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Barua hizo za mwanzo zilibeba maandishi matupu. Mwaka 1992 ulitolewa utaratibu wa kimataifa wa kuambatisha picha, sauti na mafaili mengine katika barua. Hapo ndipo kilipozaliwa kile tunachokiita kiambatisho.

Yafaa tuone kiambatisho kinavyofanya kazi, maana gharama yake imejificha. Kwa kuwa barua pepe iliundwa kubeba herufi, faili lolote lisilo la herufi hutafsiriwa kwanza: kila baiti 3 za faili hugeuzwa kuwa herufi 4. Faili la megabaiti 3 basi husafiri likiwa na uzito wa megabaiti 4 hivi. Mkuu wa shule akilituma kwa walimu 30, megabaiti 120 zitapita mtandaoni. Walimu wote wakilisahihisha na kulirudisha, zitapita megabaiti 120 nyingine, na mkuu wa shule atabaki na matoleo 31 ya waraka mmoja, likiwamo lake mwenyewe. Gharama ya vifurushi vya intaneti ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba hakuna ajuaye toleo lipi lifuatwe.

Wingu ambalo haliko angani

Jina "wingu" limewapotosha wengi. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba barua zao huelea hewani. Ukweli ni kwamba wingu ni majengo yaliyosimama ardhini, yenye maelfu ya kompyuta ziitwazo seva, mitambo ya kuzipoza, na umeme usiokatika. Kampuni kubwa zimeanza kujenga vituo hivyo hata barani Afrika: Microsoft ilifungua vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024.

Katika ofisi ya namna hii waraka haukai katika kompyuta ya mezani. Hukaa katika seva, na kompyuta yako au simu yako huwa mfano wa dirisha la kuutazamia na kuuandikia. Google ilianza kuzipa taasisi huduma hiyo mwaka 2006, na Microsoft ikaleta Office 365 mwaka 2011. Leo huduma hizo zinajulikana kwa majina ya Google Workspace na Microsoft 365. Badala ya kutuma faili, mtu hutuma anwani ya faili. Watu 30 hufungua waraka ule ule mmoja.

Je, umbali hauleti ucheleweshaji? Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwa kila kilometa 1,000 hutumia milisekunde 5. Ishara ikienda kilometa 10,000 na kurudi hutumia milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mtu muda huo ni kufumba na kufumbua. Kwa kompyuta, hata hivyo, ni muda mrefu sana, na ndani yake kunaweza kutokea vurugu ambayo sasa tutaieleza.

Mikono miwili katika sentensi moja

Tuseme walimu wawili, mmoja yuko Tabora na mwenzake yuko Mtwara, wamefungua waraka wenye maneno haya: KALMU NZRI. Wote wawili wameona makosa. Tuzihesabu nafasi zote, pamoja na ile iliyo tupu kati ya maneno: K ni ya 1, A ya 2, L ya 3, M ya 4, U ya 5, nafasi tupu ya 6, N ya 7, Z ya 8, R ya 9, na I ya 10.

Mwalimu wa Tabora anaiamuru kompyuta yake: "Weka A baada ya nafasi ya 3." Wakati huo huo mwalimu wa Mtwara anaiamuru yake: "Weka U baada ya nafasi ya 8." Kila kompyuta inatekeleza agizo la mwenyewe papo hapo, kisha inapokea agizo la mwenzake.

Mtwara hapana tatizo. Kompyuta ilikwisha kuandika KALMU NZURI, na agizo la Tabora likifika linaleta KALAMU NZURI. Lakini Tabora mambo ni mengine. Kompyuta yake ilikwisha kuandika KALAMU NZRI, na kwa kuwa herufi moja imeongezwa mwanzoni, herufi zote zilizofuata zimesogea. Nafasi ya 8 sasa si ya Z tena, bali ni ya N. Agizo la Mtwara likitekelezwa kama lilivyo, Tabora itasomeka KALAMU NUZRI. Walimu wawili wanaoamini kwamba wanatazama waraka mmoja sasa wanatazama nyaraka mbili tofauti, na hakuna kati yao anayejua.

Ufumbuzi ulioelezwa mwaka 1989 na watafiti wawili, Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliokuwa wakifanya kazi Austin, Texas, ni wa kupendeza kwa urahisi wake. Kabla ya kutekeleza agizo la mwenzako, lirekebishe kwanza kulingana na yale yaliyokwisha kutendeka kwako. Kwa kuwa Tabora iliongeza herufi moja mahali palipotangulia, nafasi ya 8 igeuzwe kuwa ya 9. Agizo likitekelezwa hivyo, pande zote mbili zitasomeka KALAMU NZURI. Herufi ikiongezwa nyuma ya mahali husika, tunajumlisha moja. Ikifutwa, tunatoa moja. Ikiwa wote wawili wanaandika mahali pale pale, inatumika kanuni iliyokubaliwa tangu mwanzo ya nani atangulie.

Wazo hilo lilikuwa na mapengo, na watafiti wengine waliyaziba. Mwaka 1995 wataalamu wa Xerox PARC, huko California, walieleza mfumo uitwao Jupiter, ambamo maagizo yote hupitia seva moja ya katikati inayoyapanga. Yafaa kukumbuka kwamba mfumo huo ulibuniwa kwa kuzingatia mitandao ya polepole na membamba. Misingi hiyo ndiyo iliyotumika Google ilipoiunda upya huduma yake ya nyaraka mwaka 2010.

Clarence Ellis mwenyewe anastahili kujulikana na wanafunzi wetu. Alizaliwa Chicago mwaka 1943. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alipata kibarua cha kulinda usiku kompyuta mpya ya kampuni moja. Hakuruhusiwa kuigusa, lakini hakuna aliyemkataza kusoma, basi usiku kucha akawa anasoma vitabu vya maelezo yake. Siku moja kampuni iliishiwa na kadi za matundu zilizotumiwa kulisha kompyuta, ikaonekana kwamba kijana mlinzi pekee ndiye aliyejua jinsi ya kuitengeneza mashine ili itumie tena kadi za zamani. Mwaka 1969 alipata shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2014, ilhali kila siku mamilioni ya watu wananufaika na fikra zake bila kulijua jina lake.

Maboresho ya miaka ya karibuni

Juu ya msingi huo yamejengwa mambo mengi. Tutataja manne.

La kwanza ni historia ya waraka. Kwa kuwa kila agizo hupitia katika seva, seva huweza kuhifadhi mfululizo wa mabadiliko. Mwenye ruhusa anaweza kuona nani alibadili nini, siku gani na saa ngapi, na kurudisha toleo la awali. Hili ndilo daftari la karani wa masjala, ila linajiandika lenyewe.

La pili ni kufanya kazi bila mtandao. Mwalimu aliyetayarisha kompyuta yake mapema anaweza kuendelea kuandika intaneti ikikatika. Maagizo yake hupangwa foleni, na mtandao ukirudi hupelekwa na kurekebishwa kwa kanuni zile zile tulizoziona. Kwa shule zilizo mbali na miji, hili huenda likawa na faida kuliko mengine yote.

La tatu ni usalama wa barua. Kwa miaka mingi tapeli aliweza kuandika katika barua pepe jina lolote la mtumaji, kama mtu anayeandika nyuma ya bahasha anwani isiyo yake. Siku hizi taasisi hutangaza hadharani seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake, na kila barua hugongwa mhuri wa kihesabu usioweza kuigizwa na asiye na ufunguo wa siri. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimeanza kuwalazimisha wanaotuma barua kwa wingi kufuata taratibu hizi. Aidha, tangu mwaka 2023 Google imezipa taasisi kubwa uwezo wa kuifunga barua kwa ufunguo wa taasisi yenyewe kabla haijatoka katika kompyuta ya mtumaji, hata mwenye seva asiweze kuisoma.

La nne ni akili unde. Novemba 2023 Microsoft ilianza kuziuzia taasisi kubwa msaidizi aitwaye Copilot, na Januari 2025 Google iliunganisha msaidizi wake, Gemini, na huduma za kawaida za kibiashara. Wasaidizi hawa hufupisha mfululizo mrefu wa barua, huandika rasimu za majibu, na hutafuta habari katika nyaraka za ofisi. Lakini huandika uongo kwa ufasaha ule ule wanaouandikia ukweli. Muhtasari wa kikao uliotungwa na mashine hauna budi kusomwa na mtu aliyekuwapo kikaoni.

Siku mkongo ulipokatika

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya chini ya bahari inayoihudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi mitatu kabla, Februari mwaka huo, mikongo kadhaa iliyopita Bahari ya Shamu, ukiwamo wa Seacom, ilikuwa imekwisha kuharibika. Njia ya kusini ilipokatika ilhali ya kaskazini ilikuwa na kilema, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na katika nchi nyingine za jirani. Ofisi ambazo nyaraka zao zote zilikuwa ng'ambo zilijikuta na jengo, viti, umeme na wafanyakazi, lakini hazina majalada.

Funzo lake si kwamba tuliache wingu. Masjala nayo iliweza kuungua moto, na mchwa hawakuhitaji mkongo. Funzo ni kwamba kila taasisi iamue mapema nyaraka zipi haiwezi kukaa siku tatu bila kuziona, na hizo iwe na nakala zake nyumbani, zinazosasishwa kwa ratiba inayojulikana.

Nani ana ufunguo?

Kuna hatari nyingine isiyo na uhusiano na bahari. Shule nyingi huhifadhi kumbukumbu zao katika akaunti binafsi ya mwalimu mmoja mwenye bidii. Mwalimu huyo akihamishwa, akistaafu, au akifariki dunia, kumbukumbu za shule huondoka pamoja na nywila yake. Akaunti ya taasisi haina budi kuwa mali ya taasisi, ikiwa na wasimamizi wasiopungua wawili, na ulinzi wa hatua mbili, ili mwizi aliyeipata nywila asiweze kuingia bila kuwa pia na simu au kifaa cha mhusika.

Tena tusisahau kwamba masharti ya mwenye seva hubadilika. Zamani Google ilizipa shule na vyuo nafasi isiyo na kikomo bila malipo. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba kila taasisi ya elimu itapewa terabaiti 100 za kugawana. Hesabu ni rahisi: chuo chenye watu 20,000 kitapata wastani wa gigabaiti 5 kwa kila mtu. Aliyejizoesha kutofuta kitu sharti ajifunze upya kazi ya karani wa masjala, yaani kuchagua kipi kitunzwe.

Isitoshe, alama na taarifa za afya za wanafunzi ni siri zao, si zetu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria zote mbili zinaweka masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mkuu wa shule anayefungua akaunti katika wingu anashika dhamana ya kisheria, hata kama huduma ni ya bure.

Makubaliano na ukweli

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Je, jedwali moja la pamoja lingemwokoa? Kwa tatizo lililompata, ndiyo. Pasingekuwa na "alama za mwisho" na "alama za mwisho kabisa". Pangekuwa na orodha moja, na historia yake ingeonyesha siku ambayo alama ilisahihishwa na nani aliyeisahihisha.

Lakini tuwe waangalifu. Tuseme mwalimu mmoja anaandika 45 katika mstari wa mwanafunzi, na mwenzake anaandika 54. Seva itayapanga maagizo hayo, moja litafuta jingine, na kompyuta zote zitaonyesha tarakimu ile ile moja. Hakuna kanuni ya Ellis wala ya mwingine inayoweza kujua ni ipi iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani. Mashine inatuhakikishia kwamba sote tunaona kitu kimoja. Haituhakikishii kwamba kitu hicho ni kweli. Tena kosa likiingia katika nakala moja ya pamoja, linakuwa kosa la wote kwa dakika ile ile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sayansi imetupatia daftari lisilochanika na linaloandikwa na mikono mingi bila kugombana. Kulisoma, kulikagua na kulitunza kungali kazi ya mwanadamu.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wawili wakae pembe mbili za darasa, kila mmoja akiwa na karatasi yenye maneno KALMU NZRI. Wa tatu awe seva. Kila mmoja afanye sahihisho moja, aandike agizo lake kwenye kijikaratasi, na seva ampelekee mwenzake. Mara ya kwanza wafanye bila kurekebisha nafasi, mara ya pili wakirekebisha. Kisha darasa lijibu maswali haya:

1. Mwanafunzi mmoja akiifuta herufi ya nafasi ya 2, agizo la mwenzake linalohusu nafasi ya 8 ligeuzwe kuwa la nafasi ya ngapi? Kwa nini?

2. Wote wawili wakiweka herufi tofauti baada ya nafasi ya 3 kwa wakati mmoja, mtaweka kanuni gani ili karatasi zote mbili zisomeke sawa?

3. Taja kumbukumbu tatu za shule yenu ambazo hazipaswi kuwa na nakala katika wingu peke yake, na ueleze sababu.